M au Av? Kuchagua modi ya kamera kwa picha za Mwanza na kando ya ziwa

Simama Kamanga saa kumi na mbili jioni, elekeza kamera kwenye Jiwe la Bismarck. Ndani ya fremu moja una maji yanayong'aa kama bati jipya, mawe ya rangi ya majivu, na mtu uliyemsimamisha mbele huku jua likiwa nyuma yake. Kamera haijui kipi kati ya hivyo ndicho kilichokupeleka pale. Inapima mwanga wote, inatafuta wastani, kisha inauvuta wastani huo ulingane na kijivu cha katikati. Maji yanatoka vizuri, uso wa mtu unakuwa mweusi hausomeki.

Kuirekebisha kamera hapo kuna njia mbili. Ya kwanza ni modi ya M: unapanga kila kitu kwa mkono, kamera inatii. Ya pili ni modi za nusu-otomatiki, Av (unapanga tundu la lenzi) na Tv (unapanga kasi ya shata): unapanga kimoja, kamera inapanga kingine, nawe unaiambia iongeze au ipunguze. Wapo wanaosema fundi wa kweli hupiga M tu. Si kweli, na imani hiyo inawakosesha watu picha nyingi, maana wakati wanazungusha magurudumu, mtumbwi umeshapita.

Swali la kujiuliza ni moja: hapo ulipo, kinachobadilika ni mwanga, au ni vile vilivyomo ndani ya fremu? Mwanga ukiwa umetulia huku nyuma ya mtu kukibadilika kila mara, tumia M. Mwanga wenyewe ukiwa unapanda na kushuka, tumia nusu-otomatiki.

Nani anashika nini

Mwanga wa picha unatokana na vitu vitatu: tundu la lenzi (f/2.8 ni kubwa, f/16 ni dogo), kasi ya shata (muda inaokaa wazi, kwa sehemu ya sekunde), na ISO (jinsi kamera inavyouhisi mwanga). Ukizidisha mwanga mara mbili umepanda stopu moja. Ukiupunguza nusu umeshuka stopu moja. Kutoka 1/250 kwenda 1/125 ni stopu moja. Kutoka ISO 400 kwenda 800 ni stopu moja. Kutoka f/5.6 kwenda f/4 ni stopu moja.

| Modi | Unachoshika wewe | Inachoshika kamera | Inapokuangusha |
|---|---|---|---|
| M | Tundu, shata, ISO | Hakuna. Inapima tu | Wingu likipita na wewe hujaona |
| Av (A kwa Nikon na Sony) | Tundu | Shata | Mwanga ukipungua, shata inakuwa ya polepole na picha inatikisika |
| Tv (S kwa Nikon na Sony) | Shata | Tundu | Lenzi ikifika mwisho wa uwazi wake, picha inakuwa giza |
| M yenye ISO ya oto | Tundu na shata | ISO | Inadanganyika na nyeupe na nyeusi sawasawa na Av |

Mstari wa mwisho unahitaji neno la ziada. Wengi huweka gurudumu kwenye M, wakaacha ISO kwenye oto, wakaamini wanapiga kwa mkono. Sivyo. Kamera bado inaamua mwanga wa mwisho, ila imehamishia uamuzi kwenye ISO. Ni modi nzuri sana, ila ihesabu upande wa nusu-otomatiki. Kabla ya kuitegemea, jaribu nyumbani kama kitufe cha +/− (cha kuiambia kamera iongeze au ipunguze mwanga) kinafanya kazi ukiwa kwenye hali hiyo. Kwenye baadhi ya bodi (kamera yenyewe bila lenzi) za zamani na za bei ya chini hakifanyi.

Modi ya P inapanga tundu na shata vyote viwili. Inafaa ukimpa kamera mtu asiyeijua akupige wewe.

Pale M inaposhinda: maharusi na ndege

Chukua picha za maharusi kando ya ziwa saa kumi na moja jioni, wote wako kwenye kivuli cha mti mkubwa. Mwanga wa kivuli kile hautabadilika sana kwa nusu saa. Kinachobadilika ni watu. Mara bibi harusi peke yake na shela nyeupe imejaa fremu, mara bwana harusi na wasimamizi wake wote suti nyeusi, mara ukoo mzima. Ukiwa kwenye Av, kamera itaona shela na kusema "hapa kuna mwanga mwingi," itapunguza, na shela itatoka ya kijivu kama haijafuliwa. Itaona suti nyeusi na kuongeza. Suti zitakuwa za rangi ya mkaa uliofifia na nyuso zitaungua, yaani zitakuwa nyeupe tupu. Picha hamsini, mwanga wa aina hamsini, na kazi ya usiku mzima kwenye kompyuta ukizilinganisha moja moja.

Kwa M unafanya hivi. Panga f/5.6 ili safu mbili za watu ziwe na ncha, zisiwe na ukungu. Panga shata 1/250. Elekeza kamera kwenye nyasi mbichi zilizo ndani ya kivuli hichohicho, zijaze fremu, kisha pandisha ISO mpaka alama ya kipimo isimame kwenye sifuri. Kwenye kivuli cha wazi chini ya anga safi itaangukia karibu na ISO 200. Piga picha moja ya bibi harusi, washa onyo la sehemu zilizoungua (zile zinazopepesa kwenye kioo cha nyuma) na uangalie mikunjo ya shela. Kama shela inapepesa, ongeza kasi ya shata theluthi moja ya stopu, yaani kutoka 1/250 hadi 1/320, upige tena. Mikunjo ikionekana, usiguse tena chochote mpaka mtoke kwenye kivuli hicho.

Nyasi ni kipimo kizuri kwa sababu majani mabichi yanakaribia kijivu cha katikati ambacho kamera imefunzwa. Mawe ya Mwanza nayo hufaa ukikosa nyasi, mradi liwe jiwe kavu, liko kwenye mwanga uleule wa mtu wako, na halina kinyesi cha ndege. Mawe wanayotulia mnandi huwa yamepakwa nyeupe na yatakudanganya.

Kupima uso moja kwa moja kwa kipimo cha nukta (kinachopima sehemu ndogo tu ya fremu) inawezekana, ila kumbuka kamera itataka kuufanya kila uso uwe kijivu. Uso wa mtu mweusi utang'arishwa kupita alivyo. Pima, halafu punguza theluthi mbili hadi stopu moja. Shela ni kinyume: ukiipima yenyewe, ongeza stopu moja na nusu hivi ndipo ibaki nyeupe.

Ndege wanafundisha somo hilihili kwa ukali zaidi. Yangeyange anayeruka kutoka ufukweni mwa Kisiwa cha Saanane anapita mbele ya mawe ya giza, kisha juu ya maji, kisha mbele ya anga, ndani ya sekunde nne. Jua linalompiga ni lilelile mwanzo hadi mwisho. Av itamwona mbele ya mawe, ifungue mwanga kwa ajili ya mawe, na manyoya meupe yataungua yote yawe karatasi tupu. Akifika mbele ya anga, itafunga mwanga na ndege atakuwa wa kijivu. Kitufe cha +/− hakikusaidii hapo, kwa sababu sekunde moja unahitaji kupunguza na sekunde ya pili unahitaji kuongeza.

Kwa jua la saa tatu asubuhi anza na 1/2000, f/5.6, ISO 400, pima kwenye nyasi zenye jua, kisha punguza theluthi moja hadi mbili kwa sababu ya weupe wa manyoya. Kwa ndege wa giza kama mnandi, usipunguze. Ongeza theluthi moja ili manyoya yaonekane. Baada ya hapo fuata ndege popote aendapo.

Kazi nyingine ambayo haina mjadala ni picha za kuunganisha. Daraja la Kigongo–Busisi lina urefu wa kilomita 3 hivi, na ukiwa karibu nalo hutaliingiza lote kwenye fremu moja. Utapiga tano au sita kutoka kushoto kwenda kulia. Kwenye Av kila kipande kitapata mwanga wake na maungio yataonekana kama viraka angani. Panga M, funga ISO, funga fokasi, na rangi ya mwanga iweke kwenye alama ya jua badala ya oto.

Pale nusu-otomatiki inaposhinda: Mwaloni Kirumba

Ndani ya soko la Mwaloni mambo yanageuka. Unaanza nje, jua kali: kwa ISO 100 na f/8, jua la namna hiyo linataka shata ya karibu 1/500. Unaingia chini ya paa la mabati kwenye magunia ya dagaa, na mwanga unaporomoka stopu sita hivi. Mchuuzi anageuka kuelekea mlangoni, nusu ya uso inapata jua. Mbeba mzigo anapita na gunia begani akitoka gizani kwenda nje. Hapa mwanga ndio unaoruka. Mtu wa M atakuwa anatazama namba wakati watu wanapita.

Mpangilio tunaoupendekeza kwa soko, stendi, kivuko na mtaani: Av, f/4 (au uwazi mkubwa zaidi wa lenzi yako), ISO ya oto yenye ukomo wa 6400, na kwenye menyu ya ISO hiyohiyo weka kasi ya chini kabisa ya shata kuwa 1/250. Kamera itapandisha ISO kwanza kabla ya kushuka chini ya 1/250. Chenga kidogo kwenye picha (punje punje zinazoletwa na ISO kubwa) zinavumilika. Picha iliyotikisika haitibiki. Kama bodi yako haina mpangilio wa kasi ya chini, nenda M yenye ISO ya oto, 1/250 na f/4, na utapata karibu kitu kilekile.

Kidole gumba kikae kwenye +/−. Dagaa walioanikwa mchangani ni mfano mzuri wa kujizoeza. Samaki hawa wadogo wakikauka hurudisha mwanga kama vipande vya kioo, na mchanga ulio chini yao nao ni wa rangi nyepesi. Kamera inaona uwanja mzima unang'aa na inauzima. Dagaa wanatoka rangi ya vumbi. Ongeza theluthi mbili hadi stopu moja. Mtu akiwa na maji yanayong'aa nyuma yake, ongeza moja hadi moja na theluthi. Mtumbwi wenye lami nyeusi ukijaza fremu, punguza theluthi mbili.

Siku za mawingu ya vipande, kama zile za msimu wa vuli, nusu-otomatiki inastahili hata kwa picha za watu. Wingu moja likipita mbele ya jua linashusha mwanga stopu mbili au tatu, na dakika hiyohiyo jua linarudi.

Tv tunaipa nafasi ndogo zaidi. Mpira CCM Kirumba ni mahali pake: 1/1000 na ISO ya oto, maana jioni jukwaa linatupa kivuli uwanjani na mchezaji anaingia na kutoka humo. Bila ISO ya oto, Tv ina mtego. Lenzi ya 18-55 ya f/3.5-5.6 ikifika f/5.6 haiwezi kufunguka zaidi, kamera itapepesesha namba ya tundu au kuandika Lo, lakini itakuruhusu kupiga, na picha itatoka giza.

Machweo

Mwanza iko mashariki mwa Ghuba ya Mwanza, kwa hiyo ukiwa Capri Point au Kamanga jua linazama upande wa maji. Kulingana na mwezi, huzama kati ya saa kumi na mbili na nusu na saa moja na dakika chache. Na kwa kuwa tuko karibu na ikweta linashuka wima, giza halichelewi. Tangu jua liguse maji, mwanga unapungua stopu moja kila dakika tatu au nne.

Kabla halijazama, M ni bora. Pima anga pembeni ya jua, jua lenyewe likiwa nje ya fremu, panga sifuri au punguza theluthi mbili, kisha rudisha fremu yako. Mitumbwi na mawe yatakuwa vivuli vyeusi, rangi ya anga itabaki nzito. Kwenye Av unaweza kupata hilohilo kwa kupima anga na kubonyeza kitufe cha kufunga mwanga (chenye nyota kwa Canon, AE-L kwa nyingine), ila ukiachia kidole au ukichelewa, kipimo kinapotea na unaanza upya.

Jua likishatoweka, hamia Av yenye −2/3. Zile dakika ishirini za rangi ya zambarau ndizo ambazo wapiga picha wengi wa M wanarudi nazo zimekuwa giza, kwa sababu walipanga mara moja na macho yao yakazoea mwanga unaopungua bila kuugundua.

Ukumbini: flashi na taa

Hapa ndipo Av inawaumiza wanaoanza, na sababu haijulikani kwa wengi. Kwenye kamera za Canon, ukiwasha flashi kwenye Av, kamera inaichukulia flashi kama taa ya kujazia tu; bado inapanga shata kwa mwanga wa ukumbi. Ukumbi ukiwa hafifu, shata inashuka hadi 1/8 au chini zaidi. Uso unapigwa na flashi na kuwa na ncha, lakini pembeni yake kuna mzimu: mkono umejiburuta, taa zimechora mistari. Kwenye menyu ya flashi tafuta kasi ya shata ya Av na uiweke kati ya 1/60 na 1/200. Nikon zenyewe kwa kawaida hazishuki chini ya 1/60 mpaka uzipange hivyo.

Dawa bora ni M: 1/125, f/4, ISO 1600, flashi iachwe kwenye TTL (inajipimia nguvu yenyewe kupitia lenzi). Tundu, shata na ISO vinashika mwanga wa ukumbi usibadilike, flashi inajirekebisha kwa mtu aliye mbele. Usizidi 1/200 na flashi ya kawaida. Kwenye bodi nyingi juu ya hapo utaona ukanda mweusi chini au juu ya picha, maana shata haikuwa wazi yote flashi ilipowaka.

Bila flashi, jihadhari na taa za LED. Umeme wetu ni wa hezi 50, na taa nyingi za bei nafuu zinapepesa mara 100 kwa sekunde ingawa jicho halioni. Av ikichagua 1/320, picha inapata mistari ya mwanga na giza, au moja inang'aa na inayofuata imefifia. Shika mwenyewe 1/100 au 1/50, kwa Tv au M, na uzime shata ya kielektroniki ya kimya.

Usiku, taa za dagaa

Usiku usio na mbalamwezi ziwa linajaa taa za wavuvi wa dagaa. Tisa ya kumi ya fremu ni nyeusi tupu, na kamera kwenye Av itajitahidi kuligeuza giza hilo liwe kijivu: itakupa sekunde 30, na kila taa itakuwa mchoro uliopinda kwa mawimbi. Tumia M na stendi ya miguu mitatu ufukweni. Anza na f/2.8, ISO 3200, sekunde 2, ukague na kurekebisha. Usirefushe sekunde, kwa sababu mitumbwi inacheza. Kama picha bado ni giza, pandisha ISO. Ukiwa ndani ya boti, stendi haisaidii chochote.

Makosa yanayorudiwa

Kwa M, kosa kubwa ni mpangilio wa jana. Umetoka ukumbini ukiwa na 1/125, f/4, ISO 1600. Asubuhi unapiga ufukweni na picha zote ni nyeupe, stopu saba au nane juu. Kwa Av na Tv, ni +/− iliyosahaulika kwenye +1 tangu ulipopiga dagaa. Kosa hili ni baya zaidi kwa sababu picha haiharibiki kabisa, inapauka tu, na unalaumu lenzi.

Lingine ni la lenzi za kiti, zile zinazouzwa pamoja na kamera. Ukipanga M kwa f/3.5 kwenye 18mm kisha ukavuta hadi 55mm, lenzi inajifunga hadi f/5.6 yenyewe, na umepoteza stopu moja na theluthi bila kugusa kitu. Panga f/5.6 tangu mwanzo na itabaki hapo zumu yote.

Ukiwa na kamera yenye C1 na C2 kwenye gurudumu (nafasi za kuhifadhi mipangilio yako), hifadhi Av ya soko kwenye C1 na M ya ukumbini kwenye C2. Kubadili kunakuwa mzunguko mmoja wa kidole. Kama haina, jizoeze kila unapoirudisha kamera mkobani kuiacha kwenye Av, f/5.6, ISO ya oto, +/− kwenye sifuri, ili picha ya kwanza ya kesho isiwe imeungua.